Kiti cha Nyuma ya Nguzo

Shangazi yangu alikuwa muuza tiketi wa ukumbi wa sinema, na mtaa mzima ulimwita Dirisha, maana wengi hawakuwahi kumwona chini ya kifua. Akipita sokoni watu walimkazia macho, wakijua wanamjua lakini hawajui wameiona wapi sura ile. Mpaka ainame kidogo aulize, "Watu wangapi?" ndipo wanacheka na kumkumbatia.

Kibanda chake kilipakana na ukumbi, ukuta mmoja tu katikati. Mchana filamu ikishaanza alifunga dirisha nusu, akavua viatu, akaegemeza kichwa ukutani. Hakuwahi kuangalia filamu hata moja. Alizisikia tu, mvua na farasi na wapenzi, zikipenya ukutani kama mazungumzo ya chumba cha pili nawe umeanza kusinzia. Mimi nilikuwa mkata tiketi mlangoni, na mara nyingi nilimkuta amefumba macho, midomo ikimcheza. Nikimwita ananiambia, "Niache, ndio kwanza wamepatana."

Wakubwa wa filamu wana hesabu zao za kumpima mwigizaji. Shangazi alikuwa na kipimo kimoja: kiti cha nyuma ya nguzo. Aliyejenga ukumbi ule, Mungu amsamehe, alisimamisha nguzo nene kwenye safu za nyuma, kisha nyuma yake akaweka kiti. Ukikaa pale unatazama saruji. Shangazi alikiuza mwisho kabisa, na alimwambia kila mteja ukweli: "Kimebaki cha nguzo. Utasikia, hutaona." Kama filamu ni ya mtu wa kawaida, mteja anaguna na kwenda zake. Kama ni ya nyota, anasema, "Lete hicho hicho." Hapo Shangazi alitoka na kibao cha mbao kilichoandikwa NAFASI ZIMEJAA, akakitundika mlangoni bila haraka, akarudi nyuma kukiangalia kama kimenyooka.

"Nyota," alikuwa akisema, "ni yule ambaye mtu yuko radhi amsikie tu." Waliokaa pale niliwatambua kwa shingo. Walitoka wameinamisha kichwa upande, wakijikanda, maana hakuna aliyeweza kuacha kuchungulia.

Sasa, Shangazi alikuwa na mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, na huyo alikuwa mwigizaji. Mtaani alijulikana kwa jina la Marehemu. Kila filamu aliyopewa alikufa, na alikufa mapema. Alipigwa risasi, alitumbukia kisimani, na kuna moja alikutwa ameshakufa tangu mwanzo. Watu walimsalimu, "Marehemu, habari za huko?" Naye aliwajibu, "Huko kuzuri, hakuna foleni," akacheka nao, lakini niliona kicheko kinaisha kabla hajafika kona. Kibao kilitundikwa mara nyingi kwenye filamu alizofia, ila kilikuwa cha wenzake. Yeye alisimama ng'ambo ya barabara, akikitazama.

Mvi zimeshamwingia, ndipo akapewa filamu yake mwenyewe. Ilikuwa habari ya fundi saa anayemtafuta mama yake, na safari hii hafi. Picha yake ikabandikwa ukutani, kubwa kuliko mlango. Mwenye filamu alikuwa mtu wa maneno machache. "Jumamosi ya kwanza kibao kisipotundikwa, naitoa," alimwambia. "Na wewe utarudi kufa."

Jumamosi hiyo jua lilikuwa la usingizi, na mtaa ulikuwa kama unaota. Watu wakaja. Wengine walikuja kuhakikisha kama kweli hafi. Viti vikajaa safu kwa safu, mpaka kikabaki kimoja, na unakijua.

Akaja mwanamume mmoja, akaambiwa ukweli, akaondoka. Wakaja wapenzi wawili, nao hawakutaka kutenganishwa. Akaja mama mmoja ambaye pochi yake ilikuwa imeshafunguliwa. "Mama, kuna nguzo," Shangazi akamwambia, na pochi ikafungwa. Marehemu alikuwa kando yangu, suti imepigwa pasi, akiyasikia yote. Uvumilivu ukamshinda, akaenda dirishani.

"Dada, usiwaambie."

"Nisiwaambie nini?"

"Habari ya nguzo. Leo tu. Mcheza kwao hutunzwa."

"Hutunzwa, sawa. Kuna mahali wamesema adanganyiwe watu?"

"Basi niuzie mimi."

"Ujinunulie kiti kwenye filamu yako? Mdogo wangu, huko ni kujipigia makofi."

"Bora niyapige mwenyewe kuliko kurudi kisimani!"

Sauti ikamkatika. Nilimkasirikia Shangazi, sifichi. Nilitamani nimtoe pale nikae mimi, niwadanganye watu mpaka wajae. Marehemu akageuka, akaenda kusimama nyuma ya kona, mahali ambapo mlango hauonekani.

Ndani taa zikazimwa. Shangazi aliweka sikio ukutani, akasikiliza kidogo. Kisha akavaa viatu, akatoka kibandani, akanisukuma niingie mimi, akazunguka na kusimama mbele ya dirisha, upande wa wateja. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani.

"Mmoja," akasema.

Nikaanza kumkatia tiketi.

"Niambie basi, kama ninavyowaambia wenzangu."

"Kimebaki cha nguzo," nikasema. "Utasikia, hutaona."

"Kwani miaka yote hii nimefanya nini kingine? Lete hicho hicho."

Akalipa. Akatundika kibao, akarudi nyuma kukiangalia kama kimenyooka, akaingia gizani.

Nikarudi mlangoni, nikamchungulia. Vumbi lilikuwa likielea taratibu kwenye mwanga wa mashine, na sauti ya Marehemu ilikuwa imejaa ukumbi mzima, laini, kama inatoka ndani ya kuta. Shangazi alikuwa ameegemeza kichwa kwenye nguzo, macho kayafumba, vilevile kama kibandani. Lakini fundi saa alipoita, "Mama," nikaona kichwa kinatoka upande, shingo imevutika, kikabaki hivyo hivyo mpaka mwisho.

Nje, mwenye filamu alipita, akakiona kibao, akaitikia kwa kichwa. Marehemu aliporudi kutoka kona alikigusa kwa vidole, kama haamini ni mbao.

"Nani kakubali cha nguzo?" akaniuliza.

"Mteja," nikamwambia.

Filamu ilipokwisha akasimama mlangoni kupeana mikono na watu, lakini macho yake yalikuwa kwenye shingo zao. Alikuwa akimtafuta amshukuru. Wakapita wote, shingo zimenyooka, wakimwambia hongera bila kumwita Marehemu. Wa mwisho kutoka alikuwa Shangazi, kichwa kimelala upande, akijikanda.

Baba mdogo akaiona shingo ile, akamsogelea.

"Dada. Umeniona?"

"Sikio moja na nusu ya shavu." Akajaribu kunyoosha shingo, ikagoma. "Lakini ulikuwa hai."