Siku Columbus Walipotufunga na Simu Haikulia

Mwezi wa nne, msimu wa besiboli ukiwa na wiki moja tu, Columbus walitufunga hapa hapa kwetu Buffalo, tisa kwa mbili. Nilitazama mchezo wote sebuleni kwangu mtaa wa West Side, Jumapili mchana, nimejifunika blanketi. Mpira wa mwisho ulipodakwa, nilizima sauti, nikaweka simu magotini, nikangoja kuchekwa.

Mdogo wangu anaishi Columbus, mtaa wa Linden. Tulipotoka Kivu kama wakimbizi, mji wa kwanza kutupokea hapa Marekani ulikuwa Louisville, na kiwanda tulichofanyia kazi kilikuwa kikitugawia tiketi za uwanjani. Mwanzoni hatukuelewa kitu. Mwisho wa msimu tulikuwa tunagombana kama mashabiki wengine. Kisha yeye akaolewa Columbus, mimi nikaja Buffalo, kila mmoja akashika timu ya mji wake. Tangu hapo, wakitufunga, hunipigia kabla wachezaji hawajatoka uwanjani. Hata hanisalimu, ni kicheko tu.

Dakika kumi zikapita. Nikapiga mimi. Haikupokelewa. Nikapiga tena, mara nne, nikijiambia labda yuko bafuni. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mumewe alikuwa zamu kwenye ghala ambako simu hufungiwa kabatini mpaka kazi iishe.

Nikampigia mama mmoja wa kanisa lao anayekaa mtaa wa pili. Alitoka bila kuuliza mengi, tukabaki kwenye simu akitembea, nikisikia viatu vyake na pumzi zake. Akabisha mlango. Akaniambia televisheni inasikika ndani, bado wanazungumzia mchezo, lakini hakuna anayeitika. Mume wangu aliniuliza kuna nini, nikamwashiria angoje. Yule mama akazunguka mlango wa nyuma, akaukuta haukufungwa, akaingia. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia mama yetu kule Uvira, nikayafukuza, yakarudi.

"Dada, nimemuona," akasema hatimaye. "Ameanguka kwa ngazi. Bon, anapumua, ananiangalia."

Nikamwambia aite ambulensi.

Alikuwa ameteremka chumba cha chini na kapu la nguo, mchezo ukielekea mwisho, akateleza. Mguu ulivunjika. Simu ilikuwa juu ya kochi; alikuwa akinisikia nikipiga, lakini hakuweza kupanda ngazi hata moja, na sauti yake ilimezwa na televisheni. Ambulensi ilimchukua. Kuhusu mtoto, hospitali waliniambia bado wanaangalia, wakakata. Nilitaka kuondoka saa ile ile, lakini mume wangu alikataa. Alisema katika hali ile ningemtia hofu tu yeye anayeendesha.

Tuliondoka kabla jua halijachomoza. Ni safari ya saa tano. Kila mara simu ya mume wangu ilipotoa mlio, niliidaka kuangalia kama ni hospitali.

Nilimkuta mdogo wangu hospitalini amelala chali, mguu umefungwa, uso umevimba upande mmoja. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali kuhusu lile kapu la nguo. Nikayaacha, nikamwekea mto vizuri.

"Yaya," akaniambia polepole, jina tunalomwitia dada mkubwa kwetu, "usiku walisema moyo wa mtoto upo, lakini sijamsikia akicheza tangu jana."

Muuguzi akaja na mashine, akampaka dawa tumboni, akatafuta huku, akatafuta kule. Nilimshika mdogo wangu mkono hadi akaniambia namuumiza. Ndipo ukasikika moyo mdogo, unakwenda mbio kama mtu anayekimbizwa. Muuguzi akasema uko sawa, akaanza kukunja nyaya zake.

Nikamwomba atusikilizishe tena.