Siku Niliyompita Baba Mkwe Mbio

Ukiniuliza ni nini kilichonisukuma kufungua kabureta ya pikipiki yangu asubuhi ile ile ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe, nitakuambia ni furaha. Sikuwa na sababu nyingine. Pikipiki ilikuwa inaenda vizuri tu, ila niliamka nikiwa na furaha ya kupitiliza, nguo zimeshapigwa pasi, viatu vinang'aa, na saa ya kuondoka haijafika. Mtu wa aina yangu akikosa cha kufanya hutafuta spana.

Nikaiweka kabureta kwenye karai la petroli pale uani kwetu, nje kidogo ya mji wa Kakamega, nikaanza kuisugua huku nikipiga mluzi. Senge, yaani shangazi yangu, dada ya baba, ndiye aliyekuwa aniongoze siku hiyo, kwa sababu kwetu kijana haendi kujisemea mwenyewe. Alitoka nje na gauni lake la kanisani ambalo halijafungwa vifungo, akanikuta nahangaika na vile vitundu vidogo vya shaba.

"Unachokora na kijiti? Utavunjia ndani," akasema. Senge ni fundi wa kushona. "Mimi cherehani yangu nasafishanga na nyoya ya kuku. Inaingia mahali popote."

Akaokota unyoya karibu na banda la kuku, akaukata ncha, akanipa. Sasa wewe ungemkatalia senge wako, siku anayoenda kukuombea mke? Niliupokea kwa mikono miwili. Uliingia kila tundu vizuri sana, nami nikamsifu.

Nilipofunga kila kitu na kupiga kiki, pikipiki iliwaka, ikanguruma, na nilipoachilia mkono wa mafuta ikazima. Nikapiga tena. Nikiifungulia mafuta inapiga kelele hadi kuku wanatawanyika, nikiachilia, kimya. Nikatoa plagi, nikaipangusa, nikairudisha. Nikachungulia mpira wa tangi, mafuta yanashuka. Nikakaza skrubu ya hewa, nikailegeza, nikaikaza tena. Senge alikuwa ameshafunga vifungo vyote na kilemba kiko kichwani.

"Inaenda ama haiendi?"

"Inaenda, senge. Ila nikipunguza mafuta inazima. Haiwezi kusimama."

"Basi twende. Kwani tunaenda huko kusimama?"

Nilicheka mpaka nikashika usukani nisianguke. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Baba ya msichana niliyempenda, mzee wa upande wa Buyangu, karibu na msitu, alikuwa amemwambia bintiye wazi kwamba vijana wa pikipiki hawana adabu, wanapita watu barabarani bila hata kuwatazama. Alisema atanipima kwa macho yake mwenyewe, na asipopendezwa nisirudi tena. Na mimi nilimpenda binti yake kiasi kwamba nikisikia jina la Buyangu redioni nilikuwa natabasamu peke yangu.

Tena kuna desturi. Ukikaribia kwa wakwe, kila unayekutana naye njiani unamchukulia kuwa mkwe. Unasimama, unashuka, unasalimia, unaulizwa habari za nyumbani, ndipo unaendelea. Tukiwa kwenye barabara ya kwenda Malava, Buyangu ikikaribia, tukamsimamia mama mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe. Pikipiki ikazima hapo hapo. Tulisukuma, senge na gauni lake, mama naye ameweka majani chini anatusaidia, mpaka ikawaka ikitetemeka.

"Sasa imetosha," senge akasema akiwa anahema. "Wewe endesha. Kusalimia niachie mimi."

Hivyo ndivyo tulivyofika kwa wakwe: mimi nimefungua mafuta, macho mbele, na senge nyuma yangu ananyoosha mkono kulia na kushoto, anapiga kelele, "Mulembe! Mulembe muno! Tunaharakisha, mtusamehe!" Watu walitupungia. Wengine walijibu tukiwa tumeshapita mbali. Nilikuwa na hofu, na bado nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Kwenye kona moja alisimama mzee mwenye koti na kofia, akainua mkono. Senge akamsalimia kwa heshima zote na tukampita. Mbele kidogo, miti ya msitu ikiwa imekaribia barabara, simu yangu ikatetemeka mfukoni. Senge akaichomoa. Hata kwa kelele ile nilimsikia msichana wangu.

"Mmempita baba! Amenipigia simu, alikuwa anawangojea pale kwa kona!"

Tukageuka. Nilipoikaribia kona, lori la miwa lilikuwa nyuma yetu likipiga honi, na nikajua nikipunguza mwendo pikipiki itafia mbele ya lori. Nikampita baba mkwe mara ya pili.

"Tunarudi, mkwe!" senge akamwahidi. "Usiondoke hapo!"

Safari iliyofuata niliingia ile kona kwa miguu miwili chini, na pikipiki ikazima mbele ya viatu vya mzee. Senge akashuka, akarekebisha kilemba, akasema mulembe kana kwamba ndiyo tumefika sasa hivi. Mzee aliitikia, lakini kwa upole ule unaotisha.

"Kijana, wewe hunanga breki?"

"Breki ziko, mzee. Ni kabureta. Nimeisafisha leo."

Aliinama akaitazama kabureta. Kisha akavua koti, akampa senge, akashika nyuma ya pikipiki na kusukuma. Tuliingia kwao tukisukuma, yeye na mimi, na sikujua kama hiyo ni dalili njema au anaharakisha nifike niambiwe niende zangu.

Uani hakutaka mtu akaribishwe chai kwanza. Alivuta kigoda akataka spana. Alisema ni plagi. Tukaitoa, haikuwa plagi. Nikasema kuna mahali inavuta hewa. Tukakaza, haikuwa hewa. Akasema ni petroli ya siku hizi. Nikasema labda. Kila nilipopiga kiki ilinguruma na kufa, na kila ilipokufa niliona uso wake unazidi kukunjamana.

Msichana wangu alikuwa jikoni. Desturi inamtaka asionekane mpaka aitwe mbele ya wageni na aulizwe kama anawajua. Lakini alikuwa amepanda nyuma ya pikipiki ile mwaka mzima, na Jumapili nyingine alikuwa anaiendesha yeye, mimi nimekaa nyuma. Nilipopiga kiki tena, mlango wa jikoni ukafunguka akatoka, mikono ina unga wa obusuma, yaani ugali.

"Ni ile jeti ndogo ya kupitisha mafuta," akasema. "Ikiwa mbio inapata mafuta, ikitulia inakosa. Fungueni."

Mama yake aliita kutoka ndani kwamba arudi. Hakurudi. Alichuchumaa kati yangu na baba yake, akaifungua kabureta, akachomoa jeti, akaiinua juani akachungulia. Kisha akavuta uzi mmoja kwenye waya wa kusugulia sufuria uliokuwa pale uani, akaupitisha, na kwenye ncha kukatoka kijinyoya cheupe, kidogo kuliko punje ya wimbi.

"Kuku ameingiaje hapa?" baba yake akauliza.

Nilimtazama senge. Senge alitazama msitu.

Msichana wangu akairudisha jeti, akaifunga kabureta, akapiga kiki mwenyewe. Pikipiki iliwaka, akaachilia mafuta, na haikuzima. Ilibaki inanguruma polepole, sauti nzuri ya kawaida, na sisi wote tukaisikiliza. Ndipo alipokumbuka yuko wapi. Akaficha mikono nyuma, petroli na unga pamoja, akainamisha kichwa. Nilidhani sasa tumeharibu kila kitu.

Mzee alisimama, akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote. Akasema kwa sauti ya shughuli, ile ile ambayo angeitumia sebuleni mbele ya wazee:

"Binti yangu. Hawa wageni, unawajua?"

"Nawajua, baba."

"Huyu kijana je?"

"Huyu namjua sana."

Senge alipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Isecheno, upande wa pili wa msitu. Mzee hakucheka. Alinyoosha mkono, akazima pikipiki, akachomoa ufunguo na kuutia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake.

"Mkwe," akaniambia, "nawa mikono tuingie ndani."