Tembe Nne Alizomeza Mama

Nakumbuka Alhamisi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, na hata leo nikipita kwenye shamba letu la chai kule Nyacheki, huwa natazama pembeni. Hapo ndipo mama yangu Kwamboka alipoanguka, na sababu ya kuanguka kwake ilikuwa mimi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Nyumbani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa amesoma kufika hapo, kwa hiyo dawa za mama ziliachwa mikononi mwangu. Alikuwa na presha. Kila asubuhi alimeza tembe moja ya atenolol, moja tu, na zikikaribia kuisha ni mimi niliyekwenda kuzichukua kituo cha afya. Wiki hiyo ziliisha Jumapili. Ningeenda Jumatatu, lakini kwaya yetu ilikuwa ikijiandaa kwa harusi ya binamu yangu, nikasema nitaenda kesho. Nilizileta Jumatano jioni, mama akiwa amekaa siku tatu bila dawa, na Ijumaa alitakiwa kwenda kupimwa.

Nikaingiwa na hofu. Kusema kweli, haikuwa hofu ya presha, ilikuwa hofu ya kugombezwa. Wakikuta imepanda, wataniuliza mimi. Basi Alhamisi asubuhi nikamwekea tembe nne kiganjani.

Alizitazama. "Zote hizi, Nyaboke?"

"Tatu ni zile ulizokosa, mama. Na moja ya leo."

"Haya. Wewe ndiye umesoma."

Akazimeza kwa uji, akabeba kikapu chake, tukaenda kuchuma.

Umande ulikuwa umeanza kukauka aliposema anasikia kizunguzungu. Nikamwambia akae kidogo. Nilipogeuka tena alikuwa amelala ubavu kati ya mistari ya chai, majani yamemwagika. Uso ulimlowa jasho na mikono ilikuwa baridi. Nilimwita, akafungua macho, kisha akayafumba.

Majirani wawili walimbeba kwa kiti cha mbao hadi barabarani, tukapata pikapu iliyokuwa ikipeleka ndizi sokoni Nyamache. Njia nzima nilimpakata kichwa nikisikiliza pumzi zake. Nilijua nilichofanya, mwanangu. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema.

Kwenye kituo cha afya mabenchi yalijaa wagonjwa wa malaria. Tabibu aliyetupokea alikuwa kijana kutoka upande wa ziwani, macho yamemwiva kwa uchovu.

"Leo amekunywa dawa gani?"

"Ile yake tu ya presha," nikajibu.

Tabibu akadhani ni malaria kama wale wengine, akaagiza dripu ya kwinini. Muuguzi, mama wa makamo tuliyemwita Sista Moraa, alikuwa ameshika mkono wa mama huku akitazama saa.

"Daktari," akasema, "moyo unapiga polepole mno. Mtu wa homa hawi hivi."

Chupa ilikuwa imeshatundikwa. Tabibu alikuwa akitafuta mshipa.

"Nimempa nne," nikasema. Wakageuka, nikarudia. "Nilimpa tembe nne kwa mara moja."

Mkono wa tabibu ukasimama. Kwinini ikaondolewa. Wakainua miguu ya kitanda, wakamtundikia maji mengine, wakamchoma dawa ya kuuharakisha moyo. Kila baada ya dakika chache walimpima, na kila walipompima nilitazama uso wa Sista badala ya kile kipimo. Ilipofika alasiri mama akafungua macho, akauliza ni nani aliyeokota majani yake.

Sista Moraa akaniita nje.

"Ungekuja hapa ukasema amekosa siku tatu, ningekugombeza," akasema, "kisha ningekueleza aanzeje tena. Basi. Sasa ingia ukamwambie mwenyewe."

Nikaingia, nikamwambia mama kila kitu, hata habari ya kwaya.

"Kwa hiyo ulikuwa hujui?"

"Sikujua, mama."

"Mbona hukuniambia kwamba hujui?"

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, namshukuru Mungu.

Leo nami nina presha, mwanangu, na huenda siku moja utashika dawa zangu au za mwingine. Aliyesahau tembe ya jana asimeze mbili leo ili kuifidia. Akikosa siku kadhaa, usikisie, rudi kwa waliompa ukaulize. Zifuate dawa kabla hazijaisha, na mgonjwa asiziache kwa sababu tu anajisikia mzima, maana presha hupanda bila kumwambia. Na kama amezidisha, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata akionekana hana neno. Beba pakiti, useme amemeza nini, ngapi na saa ngapi. Aibu yako itapita. Sema kabla hujaulizwa mara ya pili.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe mkono mwangalifu na ujasiri wa kusema hujui. Na wale watakaokukabidhi maisha yao, awajalie wazeeke mbele ya macho yako.