Msamaha Usio Wake

Nyumbani kwa Musitafa, mwenye malori pale Bwera, Uganda, watoto walilelewa kuitika. Mkewe Kulusum alimfundisha binti yao Naimah hivi: mtu mzima akikuita kwa jina lisilo lako, itika kwanza, utamsahihisha baadaye. Ni adabu njema. Lakini adabu ikitangulia na ukweli ukakawia njiani, kinachofika ni uongo uliovaa kanzu.

Naimah alipata nafasi ya kusoma Kiindonesia cha ngazi ya juu huko Malang, katika kisiwa cha Java. Darasani alitafsiri hotuba na kuandika insha, hata mwalimu akamwambia kwamba lugha haikomai kwenye dawati. Akampeleka kukaa kwa fundi cherehani aitwaye Gunadi, katika nyumba ambamo hakuna aliyejua Kiingereza. "Kula nao, cheka nao, lia nao," alimwagiza.

Mama wa Gunadi, Bibi Warti, alikuwa na mtoto wa jicho, na akili yake ilikuwa ikienda na kurudi. Siku ya kwanza alisikia sauti ya Naimah jikoni, akaita, "Wening?"

Naimah akaitika. Kabla hajasahihisha, Gunadi alimvuta kando. "Wening ni dada yangu. Amekufa. Mama alikuwa amekataa chakula, na sasa anaomba wali. Tafadhali, mwache hivyo."

Akamwacha hivyo. Nayo lugha ikamwingia kama maji yanavyoingia mchangani. Kikongwe alimpa yale yasiyomo vitabuni: namna ya kumkatalia mgeni asijue amekataliwa, namna ya kumsuta mchuuzi wa samaki, nyimbo za kubembelezea watoto. Siku ya mtihani mwalimu alistaajabu. "Unasema kama mwanamke wa mtaa ule ule," alisema. Naimah alifurahi. Hakujiuliza ni mwanamke yupi.

Ikaja Idd. Desturi ya kule, vijana hupiga magoti mbele ya wazee na kuwaomba radhi. Naimah naye akapiga magoti. Bibi Warti alimshika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kulia yeye.

"Wening, ulikuja uso umevimba, nikakwambia rudi kwa mumeo. Nikakufungia geti. Nisamehe, mwanangu."

Gunadi alimtazama Naimah kwa macho ya kusihi. Naye Naimah akasema, kwa lafudhi isiyo na doa, "Nimekusamehe, Mama." Baadaye ndipo alipoambiwa yaliyosalia: Wening alirudi kwa yule mume, na nyumbani kwa mume huyo alitoka amebebwa maiti.

Sasa Naimah yuko Bwera, na kazi yake ni kutafsiri nyaraka katika ofisi moja mjini Kasese. Kaka yake Hamim, dereva wa lori, humtania kila jioni: "Madamu Indonesia! Chai yetu iko tayari, ama tungoje ndege ilete?" Naimah hucheka. Lakini baba akifunga geti la malori, huacha kikombe na kusimama kama mtu aliyeachwa nje.

Asubuhi moja, wakimenya matoke, Kulusum alimtazama.

"Mutoto yangu, usiku unaongea ile luga yako. Mimi siijui, lakini kulia naijua. Unaomba mlango. Nani alikufungia mlango?"

Naimah akamweleza yote. Kulusum akaweka kisu chini.

"Wewe ndiyo ulipigwa?"

"Hapana, mama."

"Sasa ulisamehe nini? Ulitoa kitu ya mutu. Mwenyewe iko kaburini, hana mdomo. Ndiyo maana anakuja kutumia yako."

Maneno makali, lakini ndiyo dini: haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe. Naimah alijua hilo tangu madrasa. Alilijua hata alipokuwa amepiga magoti kule Malang.

Idd iliyofuata, pilau ikipakuliwa, simu yake ikalia. Alikuwa Gunadi. "Mama hainuki tena. Tangu alfajiri anamngoja Wening. Sema lile neno tu, apumzike."

Naimah akajitenga nyuma ya lori. "Madamu, nyama inaisha!" Hamim alipaza sauti. Alimpungia mkono anyamaze. Akasikia pumzi nzito ya kikongwe, kisha, "Wening?"

Hakuitika.

"Bibi, mimi ni Naimah, yule mwanafunzi wa Uganda. Mimi si Wening. Ni mimi niliyekwambia umesamehewa, na haki hiyo sikuwa nayo. Nakuomba radhi. Nawaombea nyote wawili."

Hakukosea hata neno.

"Basi Wening yuko wapi?"

Sauti ikarudi, ndogo zaidi. "Gunadi, dada yako yuko wapi?" Simu ikakatwa. Naimah alipiga tena na tena, haikupokelewa.

Wapo watakaosema angemwacha bibi afe na uongo wake. Ukweli uliocheleweshwa huumiza, ni kweli. Lakini aliyeuchelewesha ndiye wa kulaumiwa, si ukweli.

Kulusum alimkuta ameegemea gurudumu. "Amesema nini?"

"Ameuliza Wening yuko wapi."

"Na iko wapi?"

Naimah alishika koo lake. Aliogopa kufungua kinywa, maana hakujua ingetoka sauti ya nani.