Picha ya Harusi Iliyokwenda Mulongo

Bado naikumbuka asubuhi ile, mwanangu, nilipotoka na shangazi yangu Numbi kumtafuta mpiga picha wa harusi yangu. Nilikuwa msichana mwenye maringo, na hata leo sijayaacha yote. Mama yangu alikuwa kule Mulongo, miguu imemvimba hata kusimama hawezi, na barabara ya kuja huku Kamina unaijua ilivyo mbovu. Harusi ya binti yake wa pekee angeiona kwenye picha tu. Basi kwangu picha hiyo ndiyo ilikuwa harusi yenyewe, na sikuwa tayari mtu aiharibu.

Studio ya kwanza ilikuwa karibu na stesheni. Ukutani walijaa maharusi wazuri ajabu, wote weupe, utadhani wamezaliwa tumbo moja. Mimi nilikwisha kupendezwa. Shangazi akasimama mbele ya mmoja, akatazama, akatazama tena.

"Uyu njo nani?"

Mwenye studio akataja jina. Shangazi akashtuka. Alikuwa mwenzake wa kwaya, kila Jumapili wanabanana benchi moja, na hakumtambua!

"Tunabapakaka poda mingi, mama," yule bwana akaeleza kwa majivuno. "Muntu mweusi hatokake muzuri mu foto."

"Kama miye sikumujua rafiki yangu, mama ya uyu mutoto atamujua namna gani?"

Hapo nikanyoosha shingo. Mimi ni mweusi, mwanangu, weusi wa mama yangu na wa bibi yangu, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Nikamwambia, "Sura yangu haina mubaya. Weye njo haujue kuipiga." Tukatoka, mimi mbele.

Tulimpata mwingine kule kambi ya jeshi, aliyezoea kuzipiga picha familia za askari. Mtu wa maneno mengi, lakini alituwekea mezani picha zote za harusi moja, tangu bibi harusi anasukwa nywele hadi wazee wanaposinzia kwenye viti. Weusi walikuwa weusi, na macho yao yalionekana. Akauliza nani asikosekane pichani. Akauliza misa inaisha saa ngapi, maana jua la mchana likipiga gauni jeupe, uso hauonekani vizuri.

"Utakuya weye mwenyewe, ao utatuma mwingine?" shangazi akamkazia macho.

"Nitakuya miye mwenyewe, mama."

Na alikuja. Tulipotoka kanisani alikataa katakata kutupiga picha juani. Akatusogeza wote kwenye kivuli cha ukuta, wazee wakanung'unika, chakula kikapoa, yeye anapanga watu tu. Njaa iliniuma mpaka nikanuna.

Kaka yangu aliipeleka picha Mulongo, sehemu ya mwisho kwa mtumbwi. Aliporudi alinisimulia kwamba mama aliishika kwa mikono miwili, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Njo yeye! Muangalie vile ananuna. Bamemunyima chakula mutoto wangu!"

Nililia niliposikia hayo, kisha nikatembea Kamina nzima nimeinua kichwa.

Siku hizi simu inamfanya mtu mweupe kabla hajapepesa jicho, nanyi mnafurahi. Wewe usikubali. Kabla hujamwajiri mpiga picha, mwambie akuonyeshe harusi nzima, si zile picha chache alizozichagua. Tafuta humo mtu mweusi kama wewe, uone alivyomtoa. Hakikisha anayekuahidi ndiye atakayekuja. Mtajie mapema wazee wako, hasa yule anayekaa nyuma na hapendi kujisogeza, na mwelewane picha zitatoka lini. Akianza kukueleza kasoro za uso wako, usibishane naye. Chukua mkoba wako uondoke.

Mungu akupe mume mwema na nyumba yenye kicheko. Na sura hiyo uliyorithi kwetu, mwanangu, aibariki ilivyo, uivae siku ya harusi yako bila kumwonea mtu aibu.