Kichwa Kilicholala

Mtunza stoo wa karakana ya reli walimbandika jina la Spana, kwa jinsi alivyowabana mafundi wasiorudisha vifaa. Siku hiyo alikuwa akitafuta mabati tu. Akapenya kwenye magugu hadi banda la mwisho, akasukuma mlango, na mbele yake akakuta kichwa cha treni cha mvuke, kizima, kimejaa vumbi kuanzia dohani hadi magurudumu. Alipogusa vyuma vinavyounganisha magurudumu, vidole vilitoka na grisi laini. Kumbe kuna mtu aliyekuwa akikitunza, na banda lile na vyote vilivyomo vilikuwa vimeshauzwa kama chuma chakavu, na wakataji wangefika Jumatatu.

Alikwenda mbio kwa meneja. Meneja si mtu mbaya, ila jambo lisilo na karatasi kwake halipo. Alimkumbusha utaratibu: kichwa kilichokufa hukatwa, kilicholala hakiguswi. Kulala, kwa lugha ya karakana, ni kupumzishwa huku fundi akikipaka grisi kila mwezi na kutia sahihi kwenye kadi. Mwaka ukipita bila sahihi, kimekufa.

Spana alirudi akapanda chumba cha dereva. Kadi ilikuwa imening'inia msumarini. Sahihi ya mwisho ilikuwa ya miezi minane nyuma, na zote, mwezi baada ya mwezi, zilikuwa za baba yake mzazi, fundi aliyestaafu miaka kumi na mmoja kabla ya kufa, miezi hiyo hiyo minane iliyopita. Aliketi pale pale akalia.

Baba huyo alipostaafu alimwapia mkewe kwamba amemalizana na reli. Lakini kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alitoka baada ya chakula cha mchana, akarudi jioni ameoga, ananukia sabuni isiyo ya nyumbani. Mama akajua moja kwa moja: mke mdogo. Mzee alipoulizwa alicheka tu. Aliona heri ashukiwe mwanamke kuliko akamatwe na grisi.

Meneja aliikubali kadi shingo upande. Alitaka mtu wa kuutambua mwandiko, tena asiwe mfanyakazi wa pale. Basi Spana akamleta mama yake, njiani akimweleza yote. Mama alipandishwa ngazi za kichwa taratibu, akaisogeza kadi mbali na macho, akaisoma mstari kwa mstari.

"Ni mwandiko wake," alimwambia meneja. "Andika hivyo."

Meneja akakifuta kichwa kwenye orodha ya kukatwa, akaenda zake. Mama hakushuka. Alipitisha kiganja kwenye kiti cha dereva.

"Mwanangu," akasema, "baba yako alikufa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimemnunia. Aliniaga mlangoni, sikumwitikia."

Spana alisogea wakakaa pamoja kwenye kile kiti, hadi king'ora cha kufunga kazi kikalia.