Presha Siku ya Ng'ombe wa Mahari

Bi Mwanaupe aliingia dukani kwangu akinukia dagaa, akazipita simu zote nzuri nilizopanga kwenye kioo, akauliza, "Ipi inapiga kelele kuliko zote?"

Nikamwonyesha yenye kamera tatu.

"Nitawapiga picha dagaa, Shomari? Hawajui kucheka."

Akajaribu spika moja moja mpaka duka likawa kama ukumbi wa harusi. Akachagua simu kuukuu iliyopasuka kona, akataja bei yake. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye stuli yangu, akatoa karanga akaanza kutafuna, na kila mteja aliyeingia alielezwa kwamba simu za hapa zimepasuka kona. Nilimwuzia ili aondoke. Mimi nimeanza maisha kwa kutembeza vocha juani. Mpatanaji namjua nikimwona.

Nilikuja kuelewa siku nilipopita soko la Mwigobero, anakouza dagaa. Zahanati anakotibiwa huwatumia wagonjwa wa presha masomo ya sauti kwa WhatsApp: nesi anaeleza habari za chumvi, mazoezi, na dawa ya kila siku hata kama huumwi popote. Bi Mwanaupe, mjane, binti wa fundi cherehani wa Bunda, naye ana presha. Simu alikuwa ameifunga kwenye mti wa mwamvuli, nesi anahubiria soko zima. Somo likiisha, yeye anamalizia: "Presha haipigi hodi, jamani. Ni kama panya kwenye gunia. Juu unaona limesimama, kumbe chini limeshatobolewa."

Kelele zote zile zilikuwa kwa ajili ya mtu mmoja: Nyangi, jirani yake wa mkeka wa pili. Wameuza dagaa bega kwa bega tangu watoto wao wakiwa mgongoni. Mama yake Nyangi alifariki kwa kiharusi. Nyangi mwenyewe alishapimwa akakutwa juu, dawa anazo, ila anameza siku aliyogombana tu.

"Presha inaletwaga na hasira," alisema. "Leo sijagombana na mtu. Nimeze ya nini?"

"Nesi amesema kila siku, Nyangi."

"Huyo nesi wako wa kwenye simu amewahi kuuza dagaa?"

Mteja akibana bei, Nyangi alishika kifua: "Wewe kaka, unanipandishia presha!" Mteja alilegea palepale. Mimi nilimwelewa. Nani anatupa silaha inayofanya kazi? Lakini Bi Mwanaupe alikuwa anaogopa. Aliniambia, "Huyu nitamzika hivihivi, na dawa zake mkobani."

Akaniagiza mashine ya kupimia presha. Tulivutana asubuhi nzima, na nikaiachia karibu na bei niliyonunulia. Bado akanitaka nimfuate Butiama, nyumbani kwao Nyangi, siku binti wa Nyangi anatolewa mahari: mashine ikigoma, muuzaji awepo.

Ng'ombe waliingia uani, Nyangi akapiga vigelegele, akacheza mpaka kanga ikamdondoka. Bi Mwanaupe alimwacha acheze, ale, atulie. Kisha akamsogelea.

"Leo umegombana na nani?"

"Nani anagombana mbele ya ng'ombe?"

"Basi tupatane. Ikisoma chini, nazima simu, humsikii nesi tena. Ikisoma juu, unameza kila siku, uwe na hasira usiwe nayo."

"Utazima kweli?"

"Nitazima."

Nyangi akanyoosha mkono. Kwanza ikachezwa sauti ya nesi: egemea kiti, miguu chini, usiongee dakika tano. Wageni walisogea kutazama hilo tu, Nyangi amenyamaza. Mashine ikavuma, ikasoma mia sabini na nane kwa mia na nne.

"Mashine ya Shomari mbovu!"

Nikasimama kutetea biashara yangu. "Mpimeni Matiko."

Matiko, kaka yake, alikuwa amegombana na wakwe tangu asubuhi kwa sababu ya mtamba mmoja mwembamba, hadi sauti ikamkauka. Akakalishwa, akanyamazishwa kwa shida. Mia na kumi na nane kwa sabini na sita.

"Mpimeni tena," mtu akapaza sauti, "bado hajakasirika vizuri!"

Uani wakaangua kicheko. Nyangi hakucheka. Akarudisha mkono wake kwenye mashine bila kuambiwa. Namba ilikuwa juu vilevile.

"Kwa hiyo hata leo," akasema polepole.

"Hata leo, dada yangu."

Nyangi akaomba maji, akafungua mkoba.

Wiki ile Bi Mwanaupe alimpeleka mwenyewe zahanati. Sasa Nyangi anameza kila asubuhi baada ya uji, na kila akirudi kupimwa namba inashuka. Silaha ndiyo imekwisha. Akishika kifua, wateja wanamjibu, "Mama, habari ya Matiko tumeisikia. Punguza bei." Naye anapunguza. Mimi nimeuza mashine nyingine kadhaa Butiama, faida nyembamba kama yule mtamba, maana kila mnunuzi anakuja na Bi Mwanaupe wa kumpatania.

Na yeye mwenyewe? Bei za Nyangi zimeshuka, kwa hiyo nusu ya wateja wa Bi Mwanaupe wamehamia mkeka wa pili. Nilimwuliza kama hajuti.

"Wateja wanarudiga," akasema, akaendelea kupepeta dagaa.